Sahani ya Ujiji: Chakula Kilichosafiri na Ujuzi Uliopaswa Kukifuata

Mwezi wa Novemba 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley aliingia Ujiji akimtafuta David Livingstone, tabibu na mmisionari wa Kiskoti ambaye Ulaya ilikuwa haijapata habari zake kwa muda mrefu. Salamu aliyoitoa Stanley siku ile imerudiwa katika vitabu vingi. Chakula kilichofuata kinakumbukwa na wachache, ingawa Stanley mwenyewe alikiandika kwa makini. Sayd bin Majid alipeleka maandazi ya nyama ya kusaga yaliyokuwa yangali moto. Mohammed bin Sali alipeleka kuku wa mchuzi wa bizari. Mwinyi Kheri naye akapeleka sinia la wali na nyama ya mbuzi. Jikoni alikuwamo Halima, mpishi wa Livingstone, aliyekuwa akichungulia barazani kuhakikisha kwamba ni kweli wageni sasa walikuwa wawili.

Livingstone alikuwa amedhoofu kwa maradhi ya tumbo, na kwa muda alikuwa akiishi kwa milo miwili kwa siku, michache na isiyo na ladha. Katika shajara yake aliandika kwamba baada ya ugeni huo alianza kula mara nne kwa siku, na kwamba juma moja halikupita kabla hajajiona anapata nguvu. Tabibu aliyezunguka Afrika na sanduku la dawa alisimama tena kwa chakula cha majirani.

Kisa hiki kina jambo jingine linalostahili kutazamwa. Karibu kila kilichowekwa barazani siku ile kilikuwa kimetoka mbali. Mpunga ule ulikuwa wa asili ya Asia, bizari ilikuwa ya Bara Hindi, na mapishi yalikuwa ya pwani na Omani, yaliyobebwa na misafara iliyokuja kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi ziwani. Hata hivyo chakula kile kilikuwa cha Ujiji, kwa kuwa wapishi wa Ujiji walijua namna ya kukitayarisha. Ujuzi huo wa matayarisho ndio kiini cha makala haya, kwa sababu historia ya lishe, ya Ulaya na ya Afrika, inaonyesha kwamba chakula kikisafiri bila ujuzi wake huweza kugeuka kuwa chanzo cha maradhi.

Asili ya kilichomo sahanini

Mwenyeji wa Ujiji akiulizwa leo chakula cha kwao ni kipi, aghalabu atataja ugali wa muhogo, dagaa au migebuka, maharage, kisamvu na mawese. Jibu hilo ni sahihi, kwani watu hukifanya chakula kuwa chao kwa kukipika vizazi na vizazi. Lakini kila kimoja kina safari yake. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta katika pwani ya magharibi ya Afrika katika karne ya 16, na kutoka huko ukapenya bonde la Kongo, kijiji baada ya kijiji, hadi ukafika katika maziwa makuu. Maharage, mahindi, nyanya na pilipili nayo ni mazao ya Amerika. Mchikichi, mti unaotoa mawese, asili yake ni misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati. Kitunguu kilitoka Asia.

Wenyeji halisi katika sahani hiyo ni wawili tu. Wa kwanza ni samaki, kwa kuwa dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika ni aina ambazo chimbuko lake ni ziwa hilo peke yake. Wa pili ni chumvi ya Uvinza, inayotoka katika chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Malagarasi. Uchimbuaji wa kiakiolojia uliofanyika katika miaka ya 1960 ulithibitisha kwamba watu wamekuwa wakichemsha maji hayo kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, walikuta soko ambamo samaki, mawese, chumvi na mazao ya shamba viliuzwa kando ya pembe za ndovu, na pia kando ya binadamu waliotekwa utumwani. Njia zile zile zilizopitisha mateso ya watu ndizo zilizopitisha mbegu na mapishi.

Ulaya nayo haina tofauti kubwa. Vyakula ambavyo mataifa ya huko huvihesabu kuwa vya jadi, vingi vina umri mdogo kuliko inavyodhaniwa. Kabla ya karne ya 16 hakuna Mwitalia aliyewahi kuonja nyanya, na ilichukua muda mrefu zaidi kabla mchuzi wake haujawa mwenzi wa tambi. Pilipili nyekundu inayoupa mchuzi wa nyama wa Hungaria rangi yake ni mmea wa Amerika. Viazi mviringo, vilivyokuja kuwa chakula kikuu cha Waairishi, vilitoka katika milima ya Andes. Ayalandi iliviegemea viazi hivyo kiasi kwamba ugonjwa wa mimea ulipovishambulia kuanzia mwaka 1845, watu wapatao milioni 1 walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine wengi wakaihama nchi. Mkulima wa Kigoma aliyewahi kuona shamba la muhogo likiharibiwa na batobato hahitaji kuelezwa maana ya kutegemea zao moja.

Polenta na pelagra

Mfano ulio wazi zaidi wa chakula kilichosafiri peke yake ni mahindi. Wenyeji wa Meksiko na nchi jirani walikuwa wamezoea, tangu kale, kuyachemsha mahindi katika maji yenye chokaa au majivu kabla ya kuyasaga. Wageni kutoka Ulaya waliichukua mbegu na kuiacha desturi hiyo, wakidhani kwamba kazi yake ni kulainisha punje tu. Katika karne zilizofuata mahindi yalienea kaskazini mwa Hispania na kaskazini mwa Italia. Maskini wa Italia, ambao zamani walisonga uji mzito wa mtama na nafaka nyingine, sasa walisonga polenta ya mahindi, na wengi wao hawakuwa na nyama wala maziwa ya kuliwa pamoja nayo.

Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal alieleza ugonjwa mpya miongoni mwa wakulima wa Asturias, Hispania: ngozi iliyokuwa nyekundu na yenye magamba katika sehemu zinazopigwa na jua, pamoja na alama iliyozunguka shingo kama mkufu. Mwaka 1771 Francesco Frapolli wa Milano aliuita pelagra, jina lililotoka katika lugha ya wakulima wenyewe na lenye maana ya ngozi iliyokwaruza. Wagonjwa waliharisha, wakachanganyikiwa akili, na wengi wakafa. Kwa zaidi ya karne moja waganga walibishana ikiwa sababu ni kuvu katika mahindi, urithi au maambukizi. Huko Marekani, kuanzia mwaka 1914, Joseph Goldberger alionyesha kwamba tatizo ni upungufu katika mlo, na mwaka 1937 Conrad Elvehjem akatambua kwamba kinachokosekana ni niasini, yaani vitamini B3. Niasini imo ndani ya mahindi, ila imefungwa kiasi kwamba mwili hauwezi kuitumia. Ile chokaa ya Wameksiko ndiyo iliyokuwa ikiifungua.

Ugonjwa huu haukubaki Ulaya. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, ambao mgawo wao ulikuwa hasa wa mahindi, walipata pelagra wengi wao baada ya ugavi wa karanga kukatika. Wagonjwa zaidi ya 17,000 waliorodheshwa. Karanga ambazo kwa macho ya mgawaji huenda zilionekana kuwa nyongeza tu, ndizo zilizokuwa chanzo chao kikuu cha niasini. Somo hilo lina uzito wa pekee katika Mkoa wa Kigoma, ambao kwa miongo kadhaa umepokea wakimbizi kutoka Burundi na Kongo na ambamo kambi ya Nyarugusu imekuwapo tangu mwaka 1996.

Muhogo na maji yake

Muhogo nao ulikuwa na ujuzi wake. Mmea huu hujilinda dhidi ya waharibifu kwa kemikali iitwayo linamarini, ambayo hutoa sumu ya sayanaidi pindi mzizi unapokatwa au kusagwa. Muhogo mchungu una kemikali hiyo kwa wingi zaidi. Wakulima huupenda hata hivyo, kwa sababu nguruwe na wezi hawauharakii, nao huvumilia ukame. Watu wa Amazoni walikuwa na njia zao za kuukuna, kuukamua na kuukausha. Barani Afrika wanawake walibuni au kuboresha njia nyingine: kuumenya na kuuloweka majini siku tatu au nne mpaka ulainike, kuuvundika, kisha kuuanika mpaka ukauke. Kivunde kinachopatikana kwa njia hiyo kina sumu ndogo sana ikilinganishwa na muhogo uliomenywa na kuanikwa tu kuwa makopa.

Hatari huja pale siku za kuloweka zinapopunguzwa. Mwaka 1938 daktari Mwitalia Giovanni Trolli aliandika kuhusu ugonjwa wa kupooza miguu katika eneo la Kwango, Kongo ya Wabelgiji. Wenyeji waliuita konzo, neno la Kiyaka linalotaja miguu iliyofungwa. Nchini Tanzania ugonjwa huo ulijitokeza wilayani Tarime mwaka 1985 wakati wa ukame, familia zilipobaki na muhogo mchungu kama chakula pekee na njaa ikawalazimisha kuula kabla haujatayarishwa ipasavyo.

Konzo humwangukia mtu ghafla. Aliyelala mzima huamka miguu ikiwa imekakamaa, na udhaifu hufikia kilele chake katika muda usiozidi siku saba. Goti na kifundo cha mguu hushtuka kupita kiasi vinapogongwa. Ugonjwa hauendelei kuwa mbaya zaidi baada ya hapo, lakini ulemavu wake haupoi. Watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa ndio wanaoathirika zaidi. Hakuna dawa ya kuurudisha mguu ulivyokuwa, kwa hiyo kinga ndiyo tiba.

Kinga hiyo ina sehemu mbili, na ya pili husahaulika mara nyingi. Sehemu ya kwanza ni kuiondoa sumu kabla ya kupika. Sehemu ya pili ni kuupa mwili uwezo wa kuishughulikia sumu kidogo inayobaki. Mwili huibadilisha sayanaidi kuwa kemikali nyingine isiyo na ukali huo, iitwayo thayosayaneti, kisha huitoa kwa mkojo. Kazi hiyo huhitaji salfa, na salfa hiyo hupatikana katika baadhi ya asidi amino za protini. Samaki wanazo kwa wingi. Maharage ni chakula bora na yana protini nyingi, lakini kwa asidi amino zenye salfa ni haba. Kwa maneno mengine, dagaa waliowekwa kando ya ugali wa muhogo si kitoweo cha kuteremshia tonge tu. Ni sehemu ya ulinzi wa anayekula.

Chumvi na rovu

Simulizi la muhogo haliishii miguuni. Thayosayaneti hiyo hiyo, ikizidi mwilini, huizuia tezi ya shingo kuchukua madini joto. Mahali ambapo madini joto ni haba, tezi hiyo huvimba na kuwa rovu. Mama mjamzito mwenye upungufu mkubwa anaweza kuzaa mtoto mwenye ulemavu wa akili na viungo.

Mfano mmoja wa jambo hili ulipatikana katika maji yanayolisha Ziwa Tanganyika. Kisiwa cha Idjwi kimo katika Ziwa Kivu, na maji ya Kivu hushuka kwa mto Ruzizi hadi Tanganyika. Katika miaka ya 1960 watafiti kutoka Ubelgiji waligundua kwamba wakazi wote wa kisiwa hicho walikuwa na upungufu wa madini joto, lakini rovu lilikithiri kaskazini na lilikuwa haba kusini magharibi. Tofauti hiyo iliwaelekeza kwenye muhogo uliokuwa ukiliwa kaskazini.

Ulaya ilikuwa na rovu lake. Katika mabonde ya milima ya Alpi, mbali na bahari, vijiji vizima vilikuwa na watu wenye uvimbe shingoni, na wasafiri waliona jambo hilo kuwa kama sehemu ya mandhari. Mwaka 1922 Uswisi ilianza kuuza chumvi iliyoongezwa madini joto, ikawa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kufanya hivyo, na rovu likapungua sana katika kizazi kilichofuata. Chakula cha Waswisi hakikubadilishwa. Kilichobadilika ni chumvi iliyotiwa ndani yake.

Tanzania ilifuata njia hiyo. Katika miaka ya 1980 na 1990 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika, na katika miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi inayouzwa kwa matumizi ya watu iwekwe madini hayo. Samaki wa maji baridi hawana madini joto kwa kiwango cha samaki wa bahari, kwa hiyo mlaji wa dagaa wa Tanganyika bado anaihitaji chumvi hiyo. Chumvi ya kale, ile iliyochemshwa kwa vyungu na kuuzwa kwa vifurushi, ilikuwa fahari ya nchi na fedha ya biashara, lakini haikuwa na nyongeza hii. Kuheshimu urithi hakumzuii mtu kuchagua pakiti iliyotiwa madini joto.

Dagaa juu ya mchanga

Kama dagaa ni mlinzi, basi upatikanaji na usafi wao ni suala la afya. Uvuvi wao hufanyika usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na asubuhi wanawake huwapokea mwaloni, Kibirizi na kwingineko, na kuwaanika. Jua la siku moja huweza kuwakausha wakawa chakula kinachosafiri hadi Tabora, Dodoma na Dar es Salaam. Dagaa huliwa mzima, na mifupa yake laini humpa mlaji kalisi.

Wanorwe wa visiwa vya Lofoten wamekausha samaki aina ya chewa tangu zama za Waviking. Huwatundika juu ya miti iliyosimamishwa kama kichanja, upepo baridi ukapita pande zote. Hawaongezi chumvi, na samaki huyo hudumu muda mrefu kiasi cha kuuzwa Italia na Nigeria. Tabianchi ya Ujiji ni tofauti kabisa, lakini kanuni ni ile ile: samaki aliyeinuliwa kutoka ardhini hukauka upesi na hubaki safi. Dagaa walioanikwa juu ya mchanga hubeba mchanga na vijidudu, huliwa na kuku na ndege, na mvua ikinyesha huoza. Vichanja vya miti na nyavu huwaokoa na sehemu kubwa ya hasara hiyo. Mama anayenunua dagaa waliokaushwa kwenye kichanja hununua chakula zaidi na mchanga mdogo.

Ziwa lenyewe linabadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulihusisha kuongezeka kwa joto la maji na kupungua kwa uzalishaji wa viumbe vinavyolisha samaki. Uvuvi uliozidi nao una sehemu yake. Kwa makubaliano ya nchi zinazopakana na ziwa, Tanzania ilisimamisha uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Hatua hiyo ina faida kwa siku zijazo, lakini mhudumu wa afya anapaswa kujua kinachotokea jikoni katika miezi ya namna hiyo: bei ya dagaa hupanda, kipimo kinachotiwa chunguni hupungua, na ugali wa muhogo hubaki palepale. Hapo ndipo familia yenye watoto wadogo inapohitaji kuhimizwa kuweka akiba ya dagaa wakavu kabla ya ziwa kufungwa, na kutumia mayai, karanga, maziwa au nyama kidogo kila inapowezekana.

Mawese na rangi yake

Rangi nyekundu ya mawese hutokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Vitamini hiyo huimarisha macho na kinga ya mwili, na upungufu wake huanza kwa mtoto kutoona vizuri jioni. Kisamvu, ambacho ng'ambo ya ziwa huitwa sombe, kina karotini pia, na mafuta husaidia mwili kuifyonza. Kisamvu kilichotwangwa vizuri, kikachemshwa muda wa kutosha na kutiwa mawese ni mapishi yenye hekima, kwani kutwanga na kuchemsha huondoa sayanaidi iliyomo katika majani.

Hata hivyo wapishi wengi huyachoma mawese mpaka yapoteze rangi, ili harufu na ladha yake ipungue. Rangi inapotoweka, karotini nayo hutoweka. Tangu mwaka 2011 kanuni za Tanzania zinataka mafuta ya kula ya viwandani yaongezwe vitamini A. Ni ajabu kidogo kwamba nyumba huchoma vitamini iliyokuja bure kutoka kwenye mchikichi, kisha ikanunua dukani mafuta yaliyorudishiwa vitamini hiyo. Mgonjwa wa moyo au mwenye lehemu nyingi akumbuke, kwa upande mwingine, kwamba karibu nusu ya mawese ni mafuta yanayoganda. Vijiko vichache katika chungu cha familia vinatosha.

Kwa mhudumu wa afya

Katika kliniki ya mama na mtoto swali la kawaida ni mtoto anakula nini. Jibu, "ugali na mboga," halitoshelezi. Yafaa kuuliza pia chakula hicho kinatayarishwaje na nini kimeachwa. Je, muhogo ulilowekwa siku ngapi? Je, ni mtamu au mchungu? Dagaa wanapikwa mara ngapi kwa juma, na je, mtoto hupewa dagaa wenyewe au mchuzi wao tu? Chumvi ni ya pakiti yenye madini joto au ya kupima? Mawese huchomwa?

Mgonjwa anayefika akiwa na miguu iliyokakamaa ghafla, hasa wakati wa uhaba wa chakula, aulizwe kuhusu muhogo kabla ya kudhaniwa kuwa amerogwa au amepooza kwa sababu nyingine. Apewe rufaa ili sababu nyingine zichunguzwe, na taarifa itolewe kwa mganga mkuu wa wilaya, kwa sababu mgonjwa mmoja wa konzo huashiria kwamba wengine katika kijiji hicho wanakula unga ule ule. Vivyo hivyo vipele na magamba vinavyojitokeza shingoni, mikononi na miguuni kwa mtu anayeishi kwa mahindi pekee vikumbushe pelagra.

Kwa familia

Muhogo mchungu umenywe, ulowekwe siku tatu hadi nne na uanikwe mpaka ukauke kabisa. Maji ya kulowekea yasitumike kwa kupikia. Kama unga umekwisha kusagwa na kuna shaka kwamba muhogo wake haukulowekwa vya kutosha, ipo njia rahisi iliyobuniwa na mtafiti Howard Bradbury wa Australia. Unga huchanganywa na maji hadi ulowe wote, hutandazwa juu ya mkeka au sinia kwa unene usiozidi sentimita moja, kisha huachwa juani kwa saa mbili au kivulini kwa saa tano. Sayanaidi huruka hewani. Unga huo hupikwa ugali siku hiyo hiyo. Njia hii isichukuliwe kuwa badala ya kuloweka mizizi, bali nyongeza yake.

Chumvi yenye madini joto ihifadhiwe katika chombo kilichofunikwa, mbali na jua na moshi, na itiwe chakula kinapokaribia kuiva. Mwenye shinikizo la damu asiiache chumvi hiyo kwa kutafuta nyingine, bali apunguze kiasi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, kikijumuisha iliyomo katika samaki wa chumvi na vyakula vya dukani. Mtoto aliyeanza kula apewe dagaa waliosafishwa na kusagwa, wachanganywe katika uji au ugali laini. Mchuzi peke yake haumtoshi.

Hakuna moja kati ya hayo linalomtaka mtu wa Ujiji aache chakula cha kwao. Sahani yenye ugali wa kivunde, dagaa, kisamvu, maharage na mawese ambayo hayakuchomwa, ikatiwa chumvi kidogo yenye madini joto, ina nguvu, protini, salfa, karotini na kalisi. Kila kilichomo humsaidia mwenzake. Mtihani huja pale kimoja kinapoondolewa kwa sababu ya bei, haraka au ukame, na vingine vikaachwa kubeba mzigo usio wao. Ndiyo maana mhudumu anayekutana na mama kliniki, kabla ya kufunga kadi ya mtoto, afaa amuulize swali moja zaidi: unga wa nyumbani, muhogo wake ulikaa majini siku ngapi?